Visanamu vya Vita na Vita vya Kweli

Hapana taifa duniani ambalo watoto wake hawakupata kushika mkononi mtu mdogo aliyetengenezwa. Mtu huyo huwa wa udongo, au wa mti, au wa chuma, au wa kitambaa kilichojazwa pamba; na siku hizi aghalabu huwa wa plastiki. Hasemi, hali, halali. Lakini yule aliyemshika humpa jina, humtuma safarini, humtia vitani na kumrudisha nyumbani. Watu wazima wengi huona jambo hilo ni la kitoto, wakapita. Mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kupita upesi hivyo. Vitu vidogo vina historia yake kama falme zilivyo na yake, na mara nyingine kitu kidogo hueleza habari ambazo falme zimezisahau.

Insha hii inasimulia habari za visanamu vya namna moja. Ni visanamu vya plastiki, kimo chake yapata milimita 28, yaani kiasi cha pingili ya kidole gumba. Vinaonyesha askari wenye mikuki, wachawi wenye fimbo, vibete wenye ndevu, mazimwi, majitu na majoka. Vilitengenezwa kwa wingi Ulaya, hasa Uingereza, katika miaka ya 1980 na 1990, ili watu wavipange juu ya meza na kupigana vita vya kubuni kwa kanuni na kwa dadu. Wale waliokuwa watoto wakati huo sasa ni watu wazima, na wengi wao huvitafuta visanamu vile vya zamani, huviosha, huvipaka rangi na kuviweka akiba, kama watu wengine wanavyoweka sarafu za kale au stempu.

Yamkini, msomaji kijana, utauliza: Mimi mkazi wa Kariobangi, ambaye nje ya mlango wangu pana kelele za nyundo na vumbi la barabara, nina haja gani na majoka ya plastiki ya watu wa mbali? Swali lako ni la haki, na insha hii yote ni jawabu lake. Utaona kwamba mchezo huu una mizizi ambayo sisi pia tunayo. Utaona kwamba plastiki yake ni ndugu wa plastiki inayopita mbele yako kila siku. Na mwisho utaona kwamba kila afinyangaye mtu mdogo huchagua nani akumbukwe na nani asahauliwe. Uchaguzi huo si mchezo.

Tuanze nyumbani. Kabla ya duka la kwanza kufunguliwa Nairobi, watoto wachungaji wa Afrika Mashariki walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakawatia pembe na nundu, wakawajengea maboma ya vijiti. Watu wazima nao walikuwa na visanamu vyao. Katika nchi ya Tanganyika, makabila kadhaa, hasa ya kaskazini mashariki, yalitumia visanamu vya udongo kuwafundishia vijana wakati wa jando na unyago. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika na mchunguzi wa mila, alivikusanya visanamu hivyo, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Vingine vilitiwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kijana alionyeshwa kisanamu, akaimbiwa wimbo wake, akaelezwa maana yake: jinsi ya kuishi na mke au mume, jinsi ya kuwaheshimu wazee, na aibu za kuepukwa. Basi sanamu ndogo iliyopakwa rangi, yenye kanuni na mafundisho, haikuletwa kwetu na meli. Tulikuwa nayo.

Vivyo hivyo mchezo wa kutekana juu ya ubao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wawili hutekana kete hizo mpaka mmoja aishiwe nguvu. Kete hazina sura. Zote ni sawa, na ujuzi wote umo katika hesabu ya mchezaji. Mchezo wa pili, sataranji, una sura. Ulitokea Bara Hindi, yapata karne ya 6, na jina lake la kwanza lilikuwa na maana ya jeshi la viungo vinne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kutoka huko ulikwenda Uajemi, kisha kwa Waarabu, na kwa Kiarabu tukapata neno letu sataranji. Huko Tabaka, katika nchi ya Wakisii, wachongaji wa jiwe laini hutengeneza mpaka leo sataranji ambazo mfalme wake na askari wake wana sura za watu wa Afrika. Kwa hiyo jeshi dogo la kuchezea linachongwa Kenya hii hii, na limelisha nyumba nyingi za wachongaji.

Ulaya sataranji ilizaa mchezo mwingine. Mwaka 1780 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Johann Hellwig wa mji wa Brunswick, alitanua ubao wa sataranji ukawa na miraba zaidi ya elfu moja, akaweka juu yake milima, mito na vijiji. Mwaka 1824 ofisa kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reiswitz, alitoa kanuni za mchezo uliochezwa juu ya ramani. Vipande vidogo vilikuwa vikosi, dadu zilikuwa bahati ya vita, na mwamuzi alikaa kati ya pande mbili. Wakuu wa Prussia waliupenda, wakawafundishia maofisa wao. Angalia mabadiliko haya: mchezo ulioigiza vita sasa uliwatayarisha watu kwa vita.

Wakati huo huo mafundi wa Nuremberg, tangu karne ya 18, walikuwa wakimimina bati katika vibao vya kalibu na kutoa askari wembamba kama karatasi, ambao walipakwa rangi na kuuzwa kwa watoto. Hatimaye, mwaka 1893, William Britain wa London aligundua njia ya kumimina risasi iliyoyeyuka katika kalibu, kisha kuimwaga iliyobaki kabla haijaganda katikati. Askari aliyetoka alikuwa na uwazi ndani. Alitumia madini kidogo, akawa mwepesi, na bei yake ikashuka. Majeshi yaliyokuwa ya watoto wa matajiri sasa yakaingia katika nyumba nyingi zaidi.

Hapa lugha yetu ina jambo la kutufundisha. Kwa Kiswahili madini yale huitwa risasi, na kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki kikaua mtu huitwa risasi vile vile. Neno ni moja. Mtoto wa London aliyecheza na askari wa risasi, na mtu aliyepigwa risasi vitani, walikutana na madini yale yale katika maumbo mawili. Fikiri juu ya neno hilo tunapoendelea, kwa sababu historia yenyewe iliyakutanisha maumbo hayo mawili upesi kuliko watu walivyotazamia.

Mwaka 1913 mwandishi mashuhuri wa Uingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, yaani vita vidogo. Ndani yake alieleza kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo iliyorusha vijiti. Wells hakupenda vita. Alitaka kuonyesha kwamba mtu akivicheza vita sakafuni ataona jinsi vita vikubwa vilivyo upumbavu usio na kiasi, na ataridhika na vile vidogo. Yalikuwa matumaini mema, lakini hayakudumu mwaka mzima na nusu. Mwezi Agosti 1914 Vita Kuu vilianza, na mara moja vikafika Afrika Mashariki.

Hapa, msomaji, historia ya visanamu inaingia Nairobi kwa mguu. Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi zisizo na reli ya kutosha wala barabara za magari, tena zenye mbung'o waliowaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo mzigo wa jeshi uliwekwa juu ya vichwa vya watu. Wanaume walikusanywa kutoka vijijini, wengi wao kwa nguvu, wakaingizwa katika kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina hilo likawa Kariokor, nalo likabaki kuwa jina la mtaa na soko la Nairobi mpaka leo. Kutoka Kariobangi hadi huko ni safari fupi ya matatu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi kwao. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache; wengi waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu.

Basi tazama mizani hii. Askari mdogo wa risasi alikuwa na kofia yake, vifungo vyake na rangi ya kikosi chake, na kila kitu kilichorwa kwa uangalifu. Mpagazi wa kweli mara nyingi hata jina lake halikuandikwa sawasawa katika daftari, na wazazi wake hawakuonyeshwa kaburi. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilisimamisha Nairobi sanamu za shaba za wanaume watatu, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Sanamu hizo zipo bado katika Kenyatta Avenue, na maelfu ya watu hupita chini yake kila siku. Ukipita, inua macho umtafute. Ni mmoja tu aliyewekwa kwa ajili ya wengi wasiohesabika.

Vita hivyo hivyo vilizaa pia kazi ya mikono ambayo Kenya inajulikana kwayo. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika wakati wa vita, akaona huko wachongaji wa vinyago vya mti, akajifunza, na aliporudi kwao akawafundisha wengine. Kutoka Wamunyu ufundi ulienea hadi Mombasa na hadi Gikomba, Nairobi, ambako wachongaji walitoa wanyama, mashujaa wenye mikuki na watu wa kila namna kwa maelfu. Mtu alipelekwa kwenye vita vya wengine, akarudi na elimu ya kutengeneza watu wadogo. Katika uharibifu mwingi, hiyo ilikuwa faida moja.

Sasa twende kwenye plastiki. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mwanasayansi mzaliwa wa Ubelgiji aliyekaa Marekani, alitengeneza plastiki ya kwanza isiyotokana kabisa na mmea wala mnyama. Baada yake zilikuja nyingine nyingi, na baada ya Vita Kuu vya Pili zikawa rahisi kuliko mti na chuma. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, ilipata mashine ya kusukuma plastiki katika kalibu ili itengeneze vitana vya nywele. Mwaka 1949 ilitengeneza trekta dogo la Ferguson, na kutoka hapo ikaenda kwenye ndege, meli na askari wadogo. Mwaka 1966 kiwanda cha Britain nacho kiliacha kumimina risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto atiaye kila kitu kinywani. Tangu hapo zama za plastiki zikatawala.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Chembechembe za plastiki huyeyushwa kwa moto, husukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu ya chuma, hupoa kwa muda mfupi, na kalibu hufunguliwa. Ndivyo zitengenezwavyo pia vizibo vya chupa na vitu vingine vingi vya nyumbani. Gharama kubwa imo katika kalibu. Kalibu ikiisha kuchongwa, kisanamu cha elfu moja hutoka sawa na cha kwanza. Kwa hiyo kitana na joka ni watoto wa mashine moja. Kinachowatenga ni fikra ya mtu aliyeichonga kalibu.

Majoka yenyewe yalitoka wapi? J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 na kulelewa Uingereza, alitoa mwaka 1937 na tena mwaka 1954 na 1955 vitabu vya ngano vilivyosomwa dunia nzima, vyenye vibete, wachawi na mazimwi. Wachezaji wa vita vya mezani walianza kutaka majeshi ya namna hiyo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao ndani yake mchezaji haongozi jeshi zima, humwongoza mtu mmoja katika safari ya hatari. Gygax na wenzake walihitaji visanamu vya madudu ya kutisha, navyo havikuwapo. Wakanunua madukani mifuko ya vitu vya kuchezea vya bei ya chini vilivyotengenezwa Hong Kong, ambavyo vilisemekana kuwa wanyama wa kale, lakini havikufanana na mnyama yeyote. Kimoja kati ya vile wakakipa jina, wakakitungia tabia ya kula chuma kwa kukigeuza kutu, na dude hilo la kula kutu likawa mashuhuri kati ya wachezaji hata leo. Kitu ambacho mtu mwingine angekitupa kilipata uhai kwa sababu mtu alikitazama mara mbili akajiuliza: huyu ni nani?

Mwaka uliofuata, 1975, vijana watatu wa London, Steve Jackson, Ian Livingstone na John Peake, walianzisha kampuni ndogo iitwayo Games Workshop. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza mbao za michezo, na moja ya mbao hizo ilikuwa ya mchezo wa mashimo na kete, ndugu wa karibu wa bao letu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 waliungana na Bryan Ansell kuanzisha kiwanda cha visanamu, Citadel Miniatures. Mwaka 1983 ukatoka mchezo wao wa Warhammer, na mwaka 1987 ule wa vita vya nyota, Warhammer 40,000. Visanamu vyao vya kwanza vilikuwa vya madini yenye risasi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 vya plastiki vikaanza kutoka kwa masanduku. Mwaka 1989, kwa ushirikiano na kampuni ya Milton Bradley, ulitolewa mchezo wa HeroQuest, ulioingia katika maduka ya kawaida ya watoto na kuwapa wengi visanamu vyao vya kwanza. Hivyo kampuni iliyoanza kwa ubao wa jamii ya bao ikawa kubwa kwa kuuza majeshi ya ngano. Mwanafunzi wa Kariobangi asiambiwe kwamba jambo hili halina ukoo na kwao.

Visanamu vya miaka ile ndivyo vinavyotafutwa leo. Sababu si uzuri wake peke yake, kwa maana vya sasa vimechongwa kwa ufundi mkubwa zaidi. Vya zamani vilitoka katika kalibu rahisi. Mikono yake imeganda kifuani, nyuso zake ni butu, na askari ishirini wana mwendo mmoja. Lakini mkusanyaji hupenda ubutu huo, kwa sababu unaonyesha mkono wa mchongaji na umaskini wa mashine yake. Mwingine hutafuta sanduku alilolikosa utotoni kwa sababu wazazi hawakuwa na fedha. Mwingine hutaka kujua jinsi umbo moja lilivyobadilika mwaka hadi mwaka, na huyo, ajue au asijue, anafanya kazi ya mwanahistoria. Mkusanyaji mwema hapimi mali yake kwa wingi wa masanduku. Huandika kila kitu kilitoka mwaka gani, nani alikichonga na kimepitia mikono ya nani. Akiba isiyo na maandishi ni lundo.

Kuvipaka rangi ni kazi ya subira, nayo ina utaratibu. Kwanza kisanamu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa maana mafuta ya kalibu na jasho la vidole huikataza rangi kushika. Kama kina rangi nzito ya zamani, hulowekwa katika dawa isiyoila plastiki na kusuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Kisha hupakwa rangi ya kwanza, moja, nyembamba, ili zile zitakazofuata zipate pa kukaa. Fundi huongeza rangi za nguo, ngozi na silaha kwa tabaka nyembamba mbili au tatu, wala hapaki tabaka moja nene, kwa sababu unene huziba macho na vidole. Baadaye huteremsha rangi ya maji iliyo nyeusi ndani ya mikunjo ili ifanye kivuli, na mwisho hupitisha brashi karibu kavu yenye rangi nyeupe nyeupe juu ya vilele ili ifanye mwanga. Plastiki laini, kama ya askari wa Airfix wa miaka ya 1960, hubambua rangi kila ikipindwa. Ile ngumu huishika vizuri, lakini huvunjika. Aliyezoea kazi hii hujifunza kutambua plastiki kwa ukucha na kwa sauti ikianguka mezani.

Na ni nani wengine wanaotambua plastiki kwa mkono na kwa sauti? Ni watu wa mtaa wako. Mitaa ya Kariobangi ilikua katika miaka ya 1960, wakati Baraza la Jiji la Nairobi lilipopima viwanja na watu kujijengea. Baadaye eneo la Kariobangi Light Industries likawa makao ya mafundi wa jua kali, wafuao vyuma, watengenezao mashine, na wanunuao na kusaga plastiki kuukuu ili iyeyushwe tena. Karibu yake, Dandora, lipo jaa kuu la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1975. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori yaliendelea kumwaga taka juu yake. Wanaume, wanawake na hata watoto huchambua lundo hilo, na kwa kugusa tu hujua ipi ni ngumu, ipi ni laini, ipi itauzwa na ipi haifai. Ujuzi wao ni ule ule wa mkusanyaji wa Ulaya mezani pake. Malipo na hatari ndivyo visivyolingana.

Plastiki haiozi upesi. Sifa hiyo moja imempa mkusanyaji furaha, kwa kuwa joka la mwaka 1989 bado lina makucha yake; na imeipa Nairobi mzigo, kwa kuwa chupa ya mwaka ule ule nayo ingalipo. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 28 Agosti 2017, ilikuwa inakiri jambo hilo. Tofauti kati ya hazina na taka haimo ndani ya kitu chenyewe. Imo katika uangalifu wa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu, watoto waliokota ufuoni malapa yaliyoletwa na mawimbi, yale ambayo watu wa Nairobi huyaita slipa, wakayakata wakafanya vitu vya kuchezea. Julie Church, mhifadhi wa bahari, aliwaona, na kutokana na mchezo huo ikazaliwa kazi ya Ocean Sole, ambayo karakana yake Nairobi huchonga twiga, vifaru na kasa wa rangi nyingi kutoka malapa ya taka. Watoto wale hawakungoja kalibu kutoka Uingereza.

Tumefika sasa kwenye jambo la tatu nililokuahidi. Masanduku yale ya miaka ya 1980 yalijaa, kwa sehemu kubwa, mashujaa na mazimwi wa ngano za Ulaya. Hilo si kosa la waliovitengeneza. Kila mtu hufinyanga anachokijua. Lakini fikiri juu ya mwaka 1913 mara nyingine. Mwaka ule ule Wells alipotoa kanuni za vita vidogo, huko Lamu Muhamadi Kijumwa, mshairi aliyekuwa pia mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, alitunga utenzi wa Fumo Liyongo. Liyongo alikuwa shujaa wa kimo cha ajabu, ambaye silaha haikumdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyeuawa na mwanawe mwenyewe. Tena fikiri juu ya Lwanda Magere wa Wajaluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na uhai wake ulikuwa katika kivuli chake, akafa siku adui alipokichoma kivuli. Je, kuna kisanamu kinachohitaji mpaka rangi stadi kuliko hiki, ambacho kivuli ndicho moyo wake?

Wewe una uwezo wa kuwafinyanga hao. Hukosi udongo, wala waya, wala vizibo vya chupa, wala mabaki ya rangi katika makopo ya mafundi. Usichome plastiki ili kuiyeyusha nyumbani, kwa maana moshi wake ni sumu. Ikate, ichonge, iunganishe kwa gundi. Chora kwanza. Uliza bibi na babu yako shujaa alivaa nini, alishika ngao ya namna gani, alikuwa na alama gani mwilini. Yale utakayoulizwa na vidole vyako wakati wa kufinyanga hayataulizwa na mtihani wowote, nayo yatakufanya uijue historia kwa undani.

Tena ukimaliza kumfinyanga Liyongo na ukamaliza Magere, mfinyange mwingine mmoja ambaye hana upanga wala uchawi. Mpe kitambaa kiunoni, miguu mitupu, na mzigo mzito kichwani. Mpake rangi kwa uangalifu ule ule ambao mafundi wa London waliwapa maofisa wao. Huyo ndiye mpagazi wa Kariokor. Majeshi yote ya mezani yana majemadari wa kutosha. Aliyekosekana ni yeye aliyewabebea chakula. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Majemadari wamesifiwa vya kutosha. Ni zamu ya mchukuzi kusimama juu ya meza, akiwa mdogo kama pingili ya kidole, ili aonwe na kuulizwa jina lake.